Kiganja cha Majani Nilichomfungia Nasambu

Alhamisi, tarehe kumi na mbili mwezi wa sita. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito kutoka upande wa Mlima Elgon, saa nne jua likatoka, na saa nane mvua ikanyesha kidogo ikaacha.

Ninaandika haya kesho yake, kwa sababu siku yenyewe mkono ulikataa. Nimeaibika, tena nimeaibika nyumbani kwangu mwenyewe, mbele ya watu waliojaza viti vyote tulivyoazima kanisani, na mtu asije akanifariji eti ni ng'ombe aliyeniaibisha. Ng'ombe hakukosa. Nasambu alifanya tu kile nilichomzoesha. (Sentensi hiyo niliiandika kwanza kwenye karatasi nyingine nikaiacha kidogo, nione kama nikiisoma tena bado itakuwa kweli. Bado ni kweli.)

Nianzie nyuma kidogo ndipo mnielewe. Sisi ni kikundi cha kina mama sita, tuko hapa kati ya Misikhu na Webuye, kila mmoja ana ng'ombe wawili wa maziwa, na mwaka huu alitujia Daktari Nanjala. Si daktari wa watu, wala si wa kudunga ng'ombe sindano, yeye alisomea chakula cha mifugo na anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti kule Kitale, lakini ni msichana wa hapa Misikhu, mama yake alikuwa akiuza sukuma pale sokoni. Siku ya kwanza alipofika na gambuti zake na daftari kwapani, wazee walimsalimia wakamwuliza mkubwa wake yuko wapi. Akasema, "Ni mimi tu, wazee wangu." Wakaangalia bado ndani ya gari.

Kazi yake ilikuwa majani ya mti unaoitwa kaliandra. Unayakausha, unayaponda, unayachanganya na molasi kidogo, unampa ng'ombe wakati wa kukamua, na huenda, alisema, mama asiyeweza kununua chakula cha dukani akapata maziwa mazuri kutoka kwenye ua wa boma lake. Alisema "huenda". Alilipenda sana neno hilo, na mimi nilimpenda kwa ajili yake, kwa sababu wengi wanaokuja hapa na magari hawalijui. Ndiyo maana akataka jaribio. Kila nyumba ng'ombe wawili wanaofanana, mmoja apewe napia, zile nyasi zetu za kila siku, pamoja na majani, mwenzake apewe napia peke yake, wiki kumi na mbili, maziwa ya kila mmoja yapimwe asubuhi na jioni na kuandikwa. Mwisho wa wiki hizo angekuja Profesa, mkubwa wake kutoka Kitale, aone mwenyewe. Tofauti ikionekana, miche ingetolewa kwa vikundi vya kina mama kuanzia kwetu mpaka Cheptais. Isipoonekana, kazi yote ya Daktari juu ya mti ule ingefungwa. Alituambia hivyo wazi, hakutuficha chochote, na hilo nalitaja mapema ili lihesabiwe dhidi yangu.

Kwangu alipenda zaidi ya nyumba nyingine. Rozi na Nasambu ni ndugu wa tumbo moja, tena walizaa wakipishana siku chache tu. Daktari alipiga makofi. "Mama Dorcas, hawa ndio nilikuwa natafuta!" Akatoa sarafu, akairusha juu, akaifunika kwa mkono, na ikaanguka kwa Rozi. Rozi atakula majani, Nasambu hapana. Nikauliza mbona tusichague aliyekonda. Akasema hapana, tukichagua sisi tutapendelea, sarafu haina upendeleo. Niliona ni haki. Hata leo naona ni haki.

Shida ilikuwa banda. Banda langu ni moja, wamefungwa bega kwa bega, na mnajua kwetu mtoto hali mwenzake akitazama. Hata ukikutwa na mtu unakula mhindi njiani unauvunja katikati. Sasa kila asubuhi nampa Rozi kopo mbili za majani yale yanayonukia molasi, na Nasambu anageuza kichwa ananitazama. Halii. Ananitazama tu, macho yanatoa maji (kwa haki yake Daktari niseme huenda yalikuwa maji ya nzi), halafu anageukia napia yake kama mtu aliyeambiwa yake ni hiyo. Wiki ya kwanza nilivumilia. Rozi akaongeza maziwa, nikaandika. Wiki ya pili nikampa Nasambu kiganja kimoja.

Kiganja kimoja tu, nikajiambia. (Kwetu tulikuwa wasichana wawili, na kuna mwaka ambao mmoja aliendelea na shule na mwingine akabaki kufagia uwanja akimtazama akipita na sare. Mimi niliishia darasa la saba. Simlaumu mtu, dada yangu alikuwa na akili kunishinda, lakini si uongo kwamba nilipomwona Nasambu nilijua anachoangalia.)

Kiganja kikawa viwili. Halafu nikaona si haki kumpa kwa kukisia, nikachukua kopo, na kwa sababu magunia ya Daktari yalipimwa ya ng'ombe mmoja, nikagawa fungu la Rozi katikati, kopo moja huyu, kopo moja huyu. Nililala vizuri. Niliona nimefanya haki kamili, hakuna aliyependelewa katika boma hili. Na daftari niliandika bila kudanganya hata nusu lita, kila asubuhi, kila jioni, kwa kalamu nyeusi kama alivyotaka. Rozi akashuka kidogo, Nasambu akapanda kidogo, wakawa sawa. Hakukuwa na mahali pa kuandika kiganja. Daftari liliuliza maziwa, nikajibu maziwa.

Lakini Daktari mwenyewe aliuliza. Wiki ya saba alikaa kwenye stuli yangu ya kukamulia, akapekua kurasa mbele na nyuma, akakunja uso.

"Mama Dorcas, huyu Nasambu anakula nini?"

"Napia, Daktari."

"Napia peke yake?"

Nikainama kuokota ndoo. Nikasema, "Napia tunakata kila siku."

Alinitazama, akaandika kitu, akasema asante. Basi huo ndio uongo wangu, na kila neno lake lilikuwa kweli. Nimejaribu kuutafutia jina lililo dogo kuliko hilo, sijapata.

Baadaye nikasikia kwa Mama Sella, jirani yangu wa kikundi, kwamba karibu nyumba zote tofauti haionekani, ila nyumba moja tu. Daktari alikuwa amekonda. Mama Sella akasema, "Huu mti wake labda ni kuni tu, bana." Nilijua kwangu mti haukushindwa, nilijua ulikuwa unaliwa na wote wawili, lakini kusema sasa kulimaanisha kusema kwamba nilimdanganya pale kwenye stuli, na kila siku iliyopita ilifanya jambo liwe gumu zaidi kulitamka. Zikabaki siku nne Profesa aje. Nikafanya kosa la pili kutengeneza la kwanza. Nikamnyima Nasambu majani kabisa, Rozi nikamrudishia kopo zake mbili, nikitumaini tofauti itajitokeza kwa siku nne, kama mtu anayejipaka mafuta ili afiche surua.

Nasambu hakukubali. Siku ya pili alianza kuita. Siku ya tatu alipiga teke ndoo. Alhamisi yenyewe, watu wakianza kufika, aliniita kwa sauti ambayo hata Baba Dorcas, ambaye hana maneno mengi, alisema, "Huyu ana deni na wewe?"

Na hapo ndipo nikaamua lile jambo dogo. Nikachota kiganja cha majani, nikakifunga kwenye pembe ya leso yangu, nikaichomeka kiunoni. Nilifikiri, akianza kelele mbele ya Profesa nitapita karibu nimtulize kwa siri, mara moja, watu wakiwa wanaangalia kwingine. Leso yenyewe nilikuwa nimejifunga kwa sababu gauni langu la kitenge lilishonwa nikiwa mwembamba na zipu ya ubavuni haipandi tena mpaka juu. Kwa hiyo leso hiyo ilikuwa imebeba siri mbili.

Watu walijaa. Profesa alishuka garini, mama mzima mwenye nywele nyeupe, gambuti kama za Daktari, akatusalimia "Mulembe" ingawa si mtu wa huku, akaomba asiwekewe kiti cha mbele. Tukasali. Mwenyekiti wetu akakaribisha. Mzee Barasa, jirani yangu aliyestaafu kwenye kiwanda cha karatasi pale Webuye na ambaye hakosi mkutano, tayari alikuwa ameinua mkono kabla mtu hajasema chochote cha kuulizwa.

Daktari alisimama kati ya Rozi na Nasambu. Alieleza polepole, kwa Kiswahili, bila maneno ya kujionyesha. Hakuficha kwamba tofauti ilikuwa ndogo. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo la mazishi ya mtu wa kwao. Akaweka mkono shingoni mwa Nasambu. "Huyu ndiye wa kulinganisha. Tangu tuanze hajawahi kuonja haya majani."

Profesa akauliza, "Unajuaje?"

"Kwa sababu namwamini mama mwenye boma."

Nilikuwa nimeshika kopo la Rozi, nimeitwa nilete ili watu waone jinsi anavyolishwa. Ilibidi nipite mbele ya Nasambu. Nilijaribu kupita mbali. Sikuwahi kufika kwa Rozi, kwa sababu Nasambu alinyoosha shingo mpaka kamba ikakaza, akapita kopo lililokuwa wazi mkononi mwangu kama hakuliona, akaenda moja kwa moja kiunoni, kwenye fundo, kwa maana hapo ndipo majani yake yalizoea kukaa siku ambazo mikono yangu ilikuwa na ndoo. Akauma. Nikasema "Shh, acha." Akavuta. Nikasukuma kichwa kwa kiwiko, kopo likamwagika, akavuta tena, na leso ikafunguka ikazunguka ikaenda naye, nami nikabaki nimesimama na zipu wazi, gambuti moja ndani ya mavi ya ng'ombe, doa la molasi pajani kubwa kama sahani (la zamani hilo, lilikuwa limeshakauka), na majani yakaanguka chini mbele ya gambuti za Profesa. Nasambu akayalamba yote. Akalamba na fundo.

Halafu Mzee Barasa, bila hata kuinua mkono:

"Daktari, hiyo ng'ombe haijawahi kuonja, lakini inajua mpaka mfuko yenye imewekewa."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Simlaumu. Lilikuwa jambo la kuchekesha na alilolisema lilikuwa sahihi, tena ndilo lilikuwa sahihi zaidi ya yote yaliyosemwa siku hiyo. Mtu mmoja nyuma akasema ati ndiyo hiyo sayansi ya kina mama, na huyo namlaumu kidogo, kwa sababu Daktari hakucheka wala hakulia, alisimama tu mkono ukiwa bado shingoni mwa ng'ombe.

Profesa alingoja kicheko kiishe. Akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, "Mama, ameyajulia wapi?"

Mama Sella alikuwa amekuja nyuma yangu kunifunga leso. Akaninong'oneza sikioni, "Sema ni leo tu. Leo tu, umesikia? Sema alikuwa anapiga kelele."

Ingekuwa rahisi. Ni leo tu, tungecheka, tungekula, kila mtu angeenda kwao na aibu yangu ingekuwa ya zipu tu. Na daftari langu zuri la kalamu nyeusi lingebaki likisema kwamba ng'ombe anayekula kaliandra na asiyekula ni sawa, na Profesa angeenda nalo Kitale, na mti ungefungwa, na Daktari asingejua maisha yake yote alikosea wapi. Nilimtazama. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Aliniacha nichague mwenyewe, na sidhani ningeweza kufanya hivyo kama ningekuwa yeye.

Nikasema, "Si leo, Profesa. Ni tangu wiki ya pili."

"Kiasi gani?"

"Nusu ya Rozi. Nilikuwa nawagawia sawa kwa sawa."

"Kwa nini?"

Nikasema, "Alikuwa anatazama."

Hakuna aliyecheka hapo. Sijui kwa nini. Mkono uliokuwa unafunga leso yangu ukasimama, na Mama Sella akasema nyuma ya mgongo wangu, kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa mwili wake, "Hata mimi, Profesa."

"Hata wewe nini?"

"Hata mimi nilimpa. Si kila siku. Jumapili na siku za soko."

Halafu mama mwingine akainuka, akasema yeye alimpa tangu mwezi wa kwanza wa jaribio kwa sababu yule ng'ombe alikuwa na ndama. Wa nne akasema alimpa makombo tu yaliyobaki kwenye karai, lakini alikuwa anahakikisha yanabaki. Wa tano akasema hakutoa hata jani, ila hori lake ni moja na ng'ombe hupokonyana, na mimi namwamini, ni mtu mgumu na mkweli. Mama Sella akaangalia huku na huku, akashika kichwa. "Khane, kumbe ni sisi wote! Na mimi nilidhani ni mimi peke yangu ndiye mbaya!"

Daktari akafungua daftari lake haraka. "Ni nyumba gani ilionyesha tofauti?" aliuliza, lakini alikuwa anajiuliza mwenyewe, kidole kikiteremka kwenye karatasi. Ilikuwa nyumba ya mama wa sita, ambaye banda lake ni dogo na ng'ombe wake wa pili hukaa kwa mama mkwe wake, ng'ambo ya mto. Wale ng'ombe hawakuonana hata siku moja.

Akafunga daftari. Profesa akasema mbele ya watu wote, bila ukali, kwamba nyumba moja haitoshi, hawezi kusema mti ni mzuri na hawezi kusema ni mbaya. Hatafunga kazi ya Daktari. Lakini miche haitatolewa msimu huu, na jaribio litaanza upya kutoka mwanzo. Kina mama wa kikundi kimoja waliotoka mbali, kule njia ya Cheptais, waliokuja na magunia matupu wakitarajia kurudi na miche, wakakunja magunia yao. Hilo nililiona kwa macho yangu na nimeliandika hapa kwa sababu ndilo sehemu ya mkasa huu ambayo hakuna anayeisimulia sokoni. Wanasimulia zipu.

Wageni wakakataa chakula kwa adabu, wakasema mvua inakuja. Daktari alibaki nyuma kuchukua mizani yake. Nikamfuata bandani.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza, Daktari."

"Ukaniambia napia."

"Nilikuambia napia."

Alikaa kwenye ile stuli. Nasambu akamnusa mkono. Kisha akasema, "Mimi nimelelewa Misikhu, Mama Dorcas. Mama yangu hawezi kuonja chai kama mtu amesimama mlangoni. Halafu nakuja nafunga ndugu wawili kwenye banda moja, nampa mmoja, naandika kwenye karatasi kwamba mwingine hatapewa. Nani alinifundisha kusahau?"

Nilimwambia asijitwike mzigo wangu. Yeye alikosea banda, mimi nilikosea mdomo, na makosa hayo mawili hayana uzito mmoja. Hakubisha wala hakukubali. Akasema safari hii kila nyumba itakuwa na ng'ombe mmoja tu wa jaribio, mwenzake ahamie nyumba nyingine, mbali, wasionane. Akatoa sarafu. Akairusha, akaifunika, akafunua, na sote wawili tukaiangalia.

Ikaanguka tena kwa Rozi.

Kwa hiyo Jumatatu Nasambu ataenda ng'ambo ya mto, na mpaka wakati huo, na wiki zote baada ya huo, haruhusiwi kuonja. Nimeapa. Sikuapa kwa Biblia kwa sababu sijiamini kiasi hicho, nimeapa kwa daftari. Nimechora mstari pembeni mwa kila ukurasa, na juu yake nimeandika "Mengine", ili siku mkono wangu ukitoa kitu ambacho hakikuulizwa, kalamu iseme siku hiyo hiyo, kabla ng'ombe hajasema. Kama nitakuwa nimepona huruma sijui. Sidhani ni ugonjwa. Lakini nimejua kwamba kuna haki ya kugawa na kuna haki ya kusema, na mimi miaka yote nilijiona mtu wa haki kwa kujua moja tu.

Jioni tulikula ugali na wale kuku wawili tuliowachinjia wageni, na kunde kidogo. Firigisi iliyotengwa kwa ajili ya Profesa nilimwekea Baba Dorcas, akaila. Nikagawa nyama sawa kwa sawa, Dorcas akanitazama nikigawa. Nje Nasambu aliita, akanyamaza, akaita tena. Sikuinuka. Nilikula paja langu lote, kwa shida, mpaka mfupa.